Vigingi Kwenye Kiwanja cha Jirani

Chumba cha vibali vya ujenzi kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Feni ilizunguka darini kwa kulalamika, na chini yake watu walibanana kwenye mabenchi, michoro yao imeviringwa kama mikeka, kila mmoja ameshika kijikaratasi chake cha namba. Mwalimu wa chekechea alisimama kando ya dirisha akiwa na gauni la bluu lenye vifungo vyeupe. Karatasi yake alikuwa ameikunja mara nyingi, akaificha kiganjani. Wenzake wote walikuja na michoro ya wasanifu. Yeye alijichorea mwenyewe.

"Dada, usiivunje mbavu hiyo karatasi," sauti ilisema. "Hebu tuione."

Alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe lililokunjwa mikono na kofia ngumu kwapani. Kitambulisho kifuani kilisema ni mkaguzi wa viwanja. Alikuwa anapita tu kwenda nje kwenye pikipiki yake.

Mwalimu akaikunjua karatasi huku shingo imemwingia mabegani. Nyumba ilikuwa ya kahawia, majani ya kijani, na uzio ulizunguka vyote kwa rangi nyekundu. Alichora kwa kalamu za nta za wanafunzi wake.

Mkaguzi aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Kuna kitu kimoja kinakosekana."

"Vipimo? Nimeandika pembeni pale..."

"Jua. Nyumba kama hii lazima iwe na jua kwenye kona, linacheka."

Mwalimu alitaka ardhi impasukie. Lakini alipoinua macho hakuona dharau, aliona mtu anayejizuia kucheka kwa sababu ya furaha tu. Akacheka yeye kwanza.

"Uzio wa nini?" Mkaguzi aliuliza, akichukua kalamu kumsaidia kujaza ombi.

"Wezi," alijibu haraka mno.

Mkaguzi alimweleza utaratibu: yeye atakuja kuona kiwanja na kupigilia vigingi pale uzio utakapopita, kisha tangazo litatundikwa getini ili majirani wenye pingamizi waseme, baada ya hapo ndipo kibali hutoka. Wakaachiana namba za simu, kwa ajili ya kazi.

Jioni hiyohiyo simu ya Mwalimu iliita.

"Naulizia lile jua," Mkaguzi alisema.

"Ofisi yenu hupigia waombaji wote saa hizi?"

"Wale wanaochora kwa kalamu za nta tu. Sheria mpya."

"Muongo wewe."

"Sawa, muongo. Lakini umeshacheka, na mimi nimepata nilichokipigia."

Simu ziliendelea. Mkaguzi alimwita "Mwalimu wangu", naye akajikuta anamwita "Mkaguzi wangu" huku akitazama ukuta kama mtu aliyekamatwa. Alimsimulia habari za watoto wanaolala juu ya madaftari. Mkaguzi alimsimulia mbwa wanaomfukuza viwanjani. Waliongea kuhusu kila kitu isipokuwa kimoja.

Kitu hicho kilikuwa baba yake Mwalimu.

Baba alikuwa mkaguzi wa tiketi za treni tangu ujana wake mpaka njia ile ilipofungwa. Sasa kumbukumbu zilikuwa zikimtoka, lakini treni haikutoka. Kila asubuhi alifunga tai, akavuka ua wa michongoma uliokwisha kukauka, akaenda kazini. Wakati mwingine alikutwa sokoni, wakati mwingine katikati ya barabara ya malori, amenyoosha mkono anasimamisha magari. Shangazi aliyekaa naye mchana alikuwa na miguu mibovu, hakuweza kumkimbiza. Siku moja mzazi wa mwanafunzi alimrudisha Baba hadi mlango wa darasa, akiwa na suruali ya kulalia, mbele ya watoto wote. Mwalimu alishukuru, akafunga mlango, akalia chooni. Kesho yake ndipo alipochora ule uzio.

Siku ya ukaguzi alimpokea Mkaguzi barabarani. Alikuwa amesuka nywele upya na kuvaa blauzi ya rangi ya maziwa. Shangazi alikuwa ameahidi kumshikilia mzee ndani. Lakini pikipiki ilipozimwa tu, Baba alitokea barazani, koti la kazi limepigwa pasi, tai imekaa sawasawa, na chini ile suruali ya kulalia yenye mistari.

"Tiketi mkononi!" aliita. "Milango inafungwa!"

Mkaguzi alitabasamu. "Yule mzee ni nani?"

Damu ilimpanda Mwalimu usoni hadi masikioni. Aliona suruali ile. Aliona baraza lenye bati la kutu na ndoo zilizopasuka. Aliona shati jeupe la mtu anayempenda.

"Jirani," alisema. "Ni jirani tu. Hayuko sawa kidogo."

"Masikini. Na kwenu ni wapi?"

Swali hilo hakuwa amejiandaa nalo. Mkono wake ulinyooka wenyewe kuelekea nyumba ya pili, ya jirani yao Mama Pacha, yenye vigae na rangi ya krimu. Mama Pacha alikuwa amesafiri na wanawe.

Kila kona ya kiwanja huwa na bikoni, jiwe la mpaka lenye namba. Kazi ya kwanza ya mkaguzi ni kufuta udongo na kuisoma. Siku hiyo Mkaguzi hakufuta udongo. Alipigilia vigingi akiwa anatazama vishikizo vya blauzi na namna Mwalimu alivyouma mdomo kila nyundo ilipogonga. Akadhani ni haya ya mapenzi. Akalitundika tangazo kwenye geti la Mama Pacha, akaweka sahihi, akaondoka anapiga mluzi.

Mwalimu aliingia ndani. Baba alikuwa amekaa mezani.

"Mama," alimwambia, kama alivyomwita tangu utotoni, "yule kijana ana tiketi?"

"Anayo, Baba."

"Mbona hukumleta ndani basi? Mtu mwenye tiketi yake unamwacha nje?"

Alipohakikisha hakuna anayepita, alirudi kwa jirani kung'oa vigingi avihamishie kwao. Alivivuta mpaka viganja vikamchubuka, havikutoka. Mkaguzi alikuwa amepigilia kwa moyo wote.

Alijiambia atasema kesho. Kesho Mkaguzi alipiga simu.

"Mwalimu wangu, nataka kuja kuwaamkia wazee. Nipangie siku."

"Bado kidogo. Nyumba ina... wageni."

"Wageni gani hao? Hawana kwao?"

"Acha utani, mpenzi."

Lilikuwa neno ambalo hajawahi kumwambia, na alilitumia kumziba mdomo. Mkaguzi alinyamaza kwa raha. Mwalimu alinyamaza kwa aibu. Simuni, kimya cha wote wawili kilisikika sawa.

Kisha Mama Pacha akarudi safari.

Aliingia ofisi ya vibali akiwa na kilemba cha zambarau na ndoo mkononi. Akaimwaga mezani kwa Bosi. Vigingi vilibiringika hadi sakafuni.

"Haya, niambieni! Nani kaomba kunijengea uzio? Nimekufa nikiwa safarini? Mnagawa urithi?"

Bosi alichukua faili, akasoma kwa sauti namba ya kiwanja na jina la mwombaji, akamtazama Mkaguzi. "Bikoni ulisoma?"

Mkaguzi alivitazama vigingi sakafuni. Foleni nzima ilikuwa imegeuza shingo.

"Huyo mwombaji ni binti wa nyumba ya pili," Mama Pacha aliendelea. "Ya yule mzee wa tai. Babake."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Mkaguzi kuliko vigingi vyote. Bosi alimwondoa kwenye kazi za nje siku hiyohiyo, akamkalisha mlangoni kugawa namba za foleni. Wenzake walipita wakimwomba awasomee namba vizuri.

Jioni alipiga simu. Hakusema Mwalimu wangu.

"Yule mzee ni nani?"

Mwalimu alifunga mlango wa chumba chake.

"Nakuuliza kwa mara ya pili. Ile ya kwanza ulinijibu."

"Ni baba yangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Kazi nimeharibu mwenyewe, hilo nalijua. Lakini nilisimama pale nikamwita masikini, na wewe ukaniacha. Kama baba yako umemkana mchana kweupe kwa ajili ya suruali, mimi utanikana siku gani?"

"Sikumkana, mimi..."

"Ulisema jirani tu."

Simu ikakatika. Alipopiga tena haikupokewa. Alituma ujumbe, akaufuta kabla haujasomwa, akatuma mwingine, akaufuta. Hakuna maneno yaliyomtosha.

Mtu wa kwanza ambaye Mwalimu alimwendea kuomba radhi alikuwa Mama Pacha. Alipiga magoti sebuleni kwake.

"Inuka, magoti yako hayana kosa," Mama Pacha alisema. "Ungesema tu unataka kuazima nyumba umwonyeshe mchumba, ningekuachia na funguo, na makochi ningekufutia. Kinachoniuma ni mzee. Wanangu wakitoka shule hupanga mstari kwake, anawakatia tiketi za majani. Wanampenda. Wewe unamwonea haya nani?"

Asubuhi iliyofuata aliomba ruhusa shuleni. Shangazi alimwambia amwache mzee nyumbani, aende ofisi ya vibali peke yake, lakini alikataa. Alimfungia Baba tai. Alimletea suruali nzuri. Baba akaisukuma, akashikilia ile ya mistari. Mwalimu akairudisha ile nzuri kabatini.

Walipoingia ofisini, watu waligeuka wakaitazama suruali. Mtu mmoja alicheka puani. Mkaguzi, mlangoni na rundo lake la namba, aliinuka bila kujua ameinuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Treni imejaa leo," Baba alisema kwa kuridhika.

Mwalimu alipita moja kwa moja hadi meza ya Bosi. Kwa watoto wadogo sauti yake ilijaza darasa. Hapa ilibidi aitafute.

"Bosi, mimi ndiye mwombaji wa ule uzio. Mkaguzi hakunionyesha kiwanja, mimi ndiye niliyemwonyesha, na nilimwonyesha cha jirani. Kwetu ni pale penye bati la kutu. Nilisema nataka uzio kwa ajili ya wezi. Hakuna wezi. Ni kwa ajili ya baba yangu. Yule pale. Anapotea. Nikaona aibu kumsema, mpaka nikasema hanihusu." Machozi yalikuwa yamefika kidevuni. "Adhabu yake nipeni mimi."

Kabla Bosi hajafungua kinywa, nyuma ya Mwalimu Baba alikuwa ameanza kazi.

"Tiketi, tafadhali. Tiketi." Alisimama mbele ya benchi la kwanza, mgongo umenyooka, mkono mbele. Mwalimu alitaka kumkimbilia amvute mkono kama siku zote. Lakini mama mmoja aliyebeba mtoto alimtazama mzee, akatazama kijikaratasi chake cha namba alichokuwa amekilinda tangu alfajiri, akampa.

Baba alikikagua mbele na nyuma. "Safari njema, mama."

Fundi mwenye vumbi la saruji akatoa yake. Aliyecheka puani akatoa yake, macho chini. Benchi zima lilimpa mzee foleni yake, na mzee akafika mlangoni.

"Na wewe, kijana?"

"Sina, mzee," Mkaguzi alisema. "Mimi hugawa tu."

"Unakwenda wapi bila tiketi?"

Mkaguzi aliweka chini rundo la namba. Alimtazama Mwalimu, aliyesimama katikati ya chumba na uso uliolowa, hajajifuta wala hajajificha. "Nilikuwa nimeshuka njiani kwa hasira, mzee. Nataka kupanda tena."

Bosi aligonga meza. "Jamani, hapa ni ofisi! Mwombaji, utaanza upya, na kiwanja kitapimwa upya. Na wewe," alimgeukia Mkaguzi, "kabla sijakurudisha kwenye kazi za nje, sheria inataka mkaguzi atamke. Una uhusiano na mwombaji huyu?"

"Ninao, bosi."

"Uhusiano gani?"

"Nataka kumwoa. Ila yeye sijamwambia."

"Si umwambie sasa!" mama mwenye mtoto alipaza sauti, na chumba kikalipuka.

Mwalimu alijifunika uso kwa viganja vyenye michubuko iliyoanza kukauka. Mkaguzi aliiona, akaelewa kuwa alijaribu kuving'oa vile vigingi. Akasogea.

"Nilikupigia simu kama hakimu," alisema taratibu. "Ukweli ni kwamba niliumia kuchekwa. Nikatafuta kosa lako lililo kubwa kuliko langu, nikalishikilia."

"Lakini lilikuwa kubwa kweli."

"Lilikuwa kubwa. Na leo umelibeba mwenyewe, mbele ya watu wote hawa. Mimi langu nilitaka unibebee wewe."

"Bado naona aibu," alinong'ona. "Usidhani imekwisha. Hata sasa natamani kukimbia."

"Basi kimbia nami. Utakubali?"

"Njoo nyumbani kwanza. Ukae barazani. Ule. Baba atakuamsha kukuuliza tiketi hata kama umesinzia kwenye kiti. Ukiyaona hayo yote, niulize tena."

"Na jibu?"

"Jibu ni lile unalolijua. Nataka tu uulize ukiwa kwetu."

Watu wakapiga makofi. Karani akaita namba inayofuata. Hakuna aliyeinuka, kwa kuwa namba zote zilikuwa mfukoni mwa Baba. Bosi alivua miwani, akajikanda macho.

"Faili la huyu binti lipelekwe kwa mwenzako," alimwambia Mkaguzi. "Wewe usiliguse hata kwa kidole."

"Siligusi, bosi," Mkaguzi alisema, akamshika mzee mkono.