Konyeza Chini ya Ngazi

Kila akitoka shule, Chiriku hupitia soko la samaki kumsaidia mama yake kuparua magamba. Jina hilo la ndege alipewa na wenzake kwa sababu mdomo wake haupumziki. Siku hiyo alishuka ngazi za soko kuchota maji ya kuoshea sakafu, na ndoo ikataka kumponyoka. Majini alielea konyeza, yule mnyama laini kama ute. Konyeza wa hapo siku zote ni weupe, hawamdhuru mtu. Huyu alikuwa wa zambarau, na nyuzi zake zilining'inia ndefu.

Keshokutwa darasa lake lilikuwa liogelee hapo karibu!

Asubuhi alimkimbilia mwalimu wa michezo. "Mwalimu, nimeona konyeza mpya! Mkubwa kama meza!"

Darasa likaangua kicheko.

"Amekukonyeza kwa jicho lipi?" mmoja akauliza.

"Na wewe ukamkonyeza?" akadakia mwingine.

Mwalimu hakucheka. Alimpigia simu mtafiti wa bahari, mwanamke wa buti za mpira, ambaye alikuwa amewaomba watu wamwarifu wakiona konyeza wageni. Mtafiti alikuja, akazunguka ufuo mzima, akatikisa kichwa.

"Hakuna kitu cha ukubwa huo. Kesho ogeleeni tu."

Chiriku alirudi sokoni amevimba kwa hasira. Akaparua samaki kama anayepigana naye.

"Samaki huyo amekukosea nini?" mama aliuliza.

"Hawaniamini, mama! Nimemwona kwa macho yangu!"

"Mkubwa kama meza?"

Kisu kikasimama. "Kama... kisosi."

"Ala! Kwa hiyo mama wa watu amezunguka juani akitafuta meza, kisosi akakipita! Mungu kakupa macho mazima, mbona mdomo wako unamsahihisha?"

"Lakini ningesema kisosi, nani angeshtuka?"

Mama alivua aproni, akanawa, akamshika mkono hadi ofisini kwa mtafiti.

Safari hii Chiriku alisema polepole: ukubwa wa kisosi, rangi ya zambarau, nyuzi ndefu kuliko mkono wake, chini ya ngazi za soko. Mtafiti alichukua wavu wenye mpini mrefu, wakaenda naye. Chini ya ngazi alinasa mmoja, kisha mwingine, na wengine bado walikuwa wakielea.

"Aina hii hatujawahi kuiona upande huu," alisema, uso umembadilika. "Nyuzi zake huunguza kama moto. Na asubuhi nimepita hapa hapa, macho yangu yako mbali!"

Kuogelea kukaahirishwa. Wenzake wakamzomea Chiriku kwamba amewaharibia siku. Alimwendea mama, machozi yakimlenga.

"Nilipotia chumvi walicheka. Nimesema kweli, wananuna!"

"Sema ulichokiona, mwanangu, usikinenepeshe," mama alimwambia. "Ukikinenepesha, watu watatafuta kisichokuwepo, na kilichopo kitawadhuru. Hao waache wanune. Wananuna wakiwa na ngozi nzima."