Mlingoti Uliotoka Damu

Asubuhi moja ya mvua, Mei 1947, mgeni aliyelowa chapachapa aliingia ofisini kwa Mudiri, mtawala wa eneo la Kisauni. "Jamani, mmechinja nini hapo nje? Mlingoti unatoka damu!"

Sajini Boga alitoka mbio. Kweli, mlingoti mweupe ulikuwa na michirizi myekundu mpaka chini. Akaigusa, akainusa. Ilikuwa rangi, na ilitiririka kutoka kwenye bendera ya Sultani.

"Bendera yetu haichuji," alisema, akaishusha. Ilikuwa nguo nyekundu iliyoungwa vipande viwili, yanuka ubani. Ya kweli haikuwapo.

Mudiri alimgeukia mgeni, kibarua wa Kipevu aitwaye Wafula. "Hawa ndio vibarua waliogoma Januari, sasa wameiba bendera! Mtie ndani."

"Bwana, hata sikujua ni bendera. Haina simba, haina nyota, nyekundu tupu! Yasema nini?"

"Yasema pwani hii ni ya Sultani, Mwingereza ni mpangaji tu!"

Mlango wa mahabusu ulipofungwa, Wafula alishika nondo. "Afande, nilikuwa naenda Shanzu. Kaka yangu anazikwa leo, kabla ya magharibi."

"Utamzika," Boga alijibu kabla hajafikiri.

Alibaki akiigeuzageuza ile nguo. Mgomaji angeuacha mlingoti mtupu. Huyu ameweka nyingine, tena yenye ubani wa ngoma za pepo. Na kila asubuhi bendera hupandishwa na mtu mmoja, Mzee Masha, tarishi. Mikono yake ingekosaje kujua?

Adhuhuri alifika nyumbani kwa mzee huyo, Mjambere. "Hodi, Mzee Masha. Shikamoo."

"Marahaba. Nilijua utakuja, mwanangu."

Ndani, Kadzo, bintiye Masha, alilala akihema kwa homa. Bendera ya Sultani ilimfunika mpaka kidevuni.

"Mzee, kwa nini?"

"Pepo alitaka nguo nyekundu, nikamnunulia. Akaikataa. Mganga akasema huyu ni pepo wa kifalme, ataka ile inayopigiwa saluti. Ngoma ni leo. Nikapandisha ile aliyoikataa, kesho ningezibadilisha. Niliona nyekundu ni nyekundu. Mvua ikaniumbua."

"Kuna mtu amefungwa kwa ajili yako."

Masha akanyoosha mkono aivute bendera. Kadzo akaguna, akaikumbatia. Boga aliushika mkono wa mzee, hajui mwenyewe anatenda haki au kosa.

"Iache. Kesho alfajiri uilete wewe mwenyewe, umweleze Mudiri kwa kinywa chako."

"Nitakuja, hata nikifungwa."

Adhana ya alasiri ilimkuta Boga mbele ya Mudiri.

"Mwizi nimempata, bwana. Si Wafula, wala si siasa. Ni maradhi ya mtoto. Atakuja kesho, na bendera mkononi."

"Nani?"

"Atajitaja mwenyewe."

"Basi hatoki mtu mpaka niione ikipepea! Ukimfungua huyo, vua tepe zako."

Boga alilitazama jua. Akaenda, akafungua mlango.

"Shanzu ni kule, bwana Wafula. Kimbia, utawahi."

Akarudi ofisini, akazibandua tepe zake tatu, akaziweka mezani juu ya ile nguo iliyokuwa bado inachuja.