Jina Lililoitikiwa Bwawani

Sauti iliitika "Nipo!" kutoka nyuma ya boti, na mwalimu Odeta akatia vema mbele ya jina la Justa bila kuinua macho. Alikuwa ameita majina ya watoto kila asubuhi kwa miaka kumi na sita, na mkono wake ulishazoea kutangulia mawazo. Akaita jina lililofuata, na lililofuata, mpaka akafika chini ya ukurasa. Majina ishirini, vema ishirini. Akafunga daftari la mahudhurio na kulifunika kwa kanga lisirukiwe na maji.

Maige, mwenye boti, alikuwa amekaa pembeni ya injini. Tangu Mwanza alikuwa akiwachekesha watoto, lakini sasa alinyamaza.

"Mwalimu," alisema, "sisi tukishaingia majini hatuitani majina."

"Mnaitanaje?"

"We kofia. We shati jekundu. We tumbo." Watoto waliangua kicheko, lakini yeye hakucheka nao. "Majina tunayaacha nchi kavu. Tunayakuta tukirudi."

"Mwaka jana meli ilizama, Maige. Mpaka leo hakuna anayejua kwa hakika ilikuwa na watu wangapi. Mimi nikipakia watoto wa watu, nitaita."

Maige alitazama maji, akaongeza mwendo.

Ile ilikuwa safari ya kwanza ya shule yao, shule mpya ya binafsi pale Igoma. Odeta aliacha kazi ya serikali kwenda kufundisha huko, na mwalimu mkuu alitaka wazazi waone kwamba ada yao inawafikisha watoto mahali. Mahali penyewe watu wa mjini walipaita Bwawani: ghuba ndogo nyuma ya kisiwa, iliyozibwa na vilima vya mawe makubwa yaliyobebana, maji yametulia humo ndani kama ziwa jingine lililofichwa ndani ya ziwa. Mwaka ule gugumaji lilikuwa limefunika fukwe nyingi, lakini Bwawani halikuingia hata jani moja. Ukisimama juu ya jiwe uliona mchanga chini.

Watoto waliogelea. Wengine walipiga kasia mitumbwi miwili iliyokodiwa kwa mvuvi, wakigombania zamu. Odeta alikaa juu ya jiwe akihesabu vichwa, na kila alipohesabu, hesabu ilitimia. Moyo wake ulikuwa nyumbani, Kiseke. Alfajiri binti yake wa pekee aliamka na homa, na yeye, baada ya kusimama mlangoni muda mrefu, alimwacha kwa jirani yao Hellen na vidonge vya klorokwini. Wazazi kumi na tisa walikuwa wameshafunga mikoba ya watoto wao. Angefanyaje?

Saa saba aliwaita kula. Mayai alikuwa ameyachemsha mwenyewe tangu jana yake, ishirini, kabla ya homa. Aligawa akimtazama kila mtoto usoni, na alipomaliza aliinamia bakuli kuchukua yai lililosalia. Bakuli lilikuwa tupu.

"Nani amechukua mawili?"

Kisha Pooja, binti wa mwenye duka la vitambaa, akamwonyesha kwa kidole upande wa maji. "La mwisho kachukua Justa, mwalimu."

"Justa yuko nyumbani. Anaumwa."

Pooja alimtazama kwa huruma, kama watoto wanavyomtazama mtu mzima aliyesahau jambo la wazi. "Mwalimu, si alikuwa anaogelea na sisi? Ametushinda wote kukaa chini. Hata macho hafumbi."

Ndipo Odeta akasikia harufu. Ilikuwa harufu ya gugumaji lililooza, ile nzito ya ufukwe wa Kirumba siku za jua kali, na hapa hapakuwa na gugumaji. Akageuka. Juu ya jiwe, hatua tano tu kutoka alipokaa asubuhi nzima akihesabu, palikuwa na maganda ya yai yaliyomenywa vizuri, vipande vipande, kama alivyomfundisha mwanawe kumenya, na kutoka kwenye maganda hayo zilianza nyayo ndogo za maji, mguu wa kulia, wa kushoto, zikiteremka bila haraka mpaka ukingoni, nazo, ingawa jua lilikuwa la utosini na jiwe lilikuwa likiunguza, hazikuwa zikikauka.

Alikusanya watoto kwa makofi. Hakuita jina la mtu.

Njiani kurudi alikaa karibu na injini ili watoto wasisikie.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia," alisema Maige. "Nimegawa maboya kumi na tisa. Wameitika ishirini."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mwalimu? Ningesema, mngegeuza. Jumamosi ijayo nani angepanda boti yangu? Kiwanda cha pamba kimeuzwa, tumepunguzwa wote. Injini hii ndiyo ajira yangu." "Nilidhani kitaitika tu kisha kiondoke. Mara nyingine huondoka."

Odeta alitafuta hasira dhidi yake, hakuipata. Yeye mwenyewe ndiye aliyetia vema.

Nyumbani alimkuta mtoto ameketi kitandani, homa imeshuka. Hellen alisema amelala mchana kutwa. Odeta alisimama mlangoni.

"Justa."

Mtoto hakugeuka. Alikuwa akichezea nyuzi za shuka. Odeta akaita tena, kwa nguvu, na mtoto hakutikisika, kana kwamba neno hilo lilikuwa la lugha ya watu wengine. Alipomgusa bega ndipo akainua uso na kutabasamu. "Mama! Umerudi saa ngapi?"

Bega lilikuwa baridi.

Hellen, aliyekuwa uani akianua nguo, akapaza sauti: "Mama Justa! Chumvi umeweka wapi?"

Na kutoka ndani ya jaba la maji nyuma ya mlango, polepole, kama mtoto mwenye chakula mdomoni, kitu kikaitika: "Nipo."

Siku ya pili mtoto alikula vijiko viwili vya uji. Siku ya tatu kimoja. Zahanati walimpima damu, wakasema malaria hana. Siku ya tano Odeta aliwaita wazee wa kanisa, wakaja mchana, watu watatu wema waliovua viatu mlangoni, wakapiga magoti kukizunguka kitanda, na kiongozi wao akaanza kwa unyenyekevu, "Bwana, mtazame mtoto wako Justa," na jaba likaitika, naye akadhani ni mtoto, akaendelea kwa imani zaidi, mponye Justa, mwinue Justa, na kila alipolitaja jina sauti nyuma ya mlango ilizidi kuwa na nguvu na furaha, nipo, nipo, na harufu ya kuoza ikajaa chumba, na Odeta akaona kwa macho yake midomo ya mtoto ikififia rangi, mpaka akalia, "Acheni! Jamani, msimwombee!" Wazee waliondoka bila kusema amina. Mmoja alisahau kofia yake.

Siku ya sita Maige alikuja kumchukua Odeta, akampeleka sokoni Kirumba kwa dada yake Getruda. Getruda hakuwa na shanga wala manyanga ya kiganga. Alikuwa akikaanga sangara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa huku, moshi utakuumiza." Getruda alimsikiliza mpaka mwisho. "Hicho kitu si kibaya. Hakikuvunja mlango. Kimeitwa, kikaitika, ukakiandika. Siku ngapi sasa?"

"Hii ya sita."

Getruda aligeuza vipande vyote vya samaki kwenye karai, kimoja kimoja, ndipo akasema: "Ni nyingi. Kesho rudi hukohuko. Mwite. Akiitika, sema hayupo. Mara tatu, usizidishe neno. Na jina liache huko. Mtoto asiitwe tena hivyo, shuleni wala kanisani. Na wewe usiitwe mama yake kwa jina hilo."

"Ni jina la marehemu bibi yake, mzaa baba."

"Bibi ameshamaliza kulitumia."

"Na nikiwa nimechelewa?"

"Ndiyo maana nasema kesho. Mtoto na hicho kitu vinavutana. Vikishabadilishana viti, hata mimi sitajua nani kakaa wapi."

Walifika Bwawani saa nne asubuhi, Maige na yeye tu. Jua lilikuwa zuri, ndege wanapiga kelele kwenye mawe ya juu. Maige alizima injini, akaziba masikio kwa viganja. Odeta akafungua daftari, akaita.

"Nipo," ikajibu sauti, karibu sana, chini ya ubavu wa boti.

"Hayupo."

Ndege wakanyamaza. Akaita tena.

"Nipo, mama. Nipo hapa. Kuna baridi."

"Hayupo," alisema Odeta.

Mara ya tatu sauti haikungoja kuitwa. Ilikuwa imeanza kulia, kilio kile cha kukatika pumzi alichokijua tangu mtoto akiwa wa miezi, na katikati ya kilio ikasema kwamba dawa ilikuwa chungu, anti Hellen alimbana pua akainywa, akaitapika kwenye kanga ya kijani, akaita mama, mama, akaita mpaka koo likauma na mama hakuwepo, na sasa mama yupo, mbona anasema hayupo, mama, nishike mkono, mkono wangu huu. Na Odeta, ambaye hakuwahi kusikia habari ya kutapika wala ya kanga, aliona juu ya maji yale safi yasiyo na kitu vidole vinne vidogo vikishika ukingo wa boti, akakumbuka mtoto aliyemwacha kitandani ana pumzi ndogo kama za kifaranga, akaita jina kwa mara ya mwisho maishani mwake, akasema, "Hayupo," akalifuta.

Vidole viliachia. Kilio kiliteremka chini, kikapita chini ya mawe, kikawa mbali.

Kiseke alimkuta Hellen anacheka peke yake uani kwa furaha. "Mama... shoga, njoo uone! Ameamka mwenyewe, anataka ugali!"

Mtoto alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, mashavu yamerudiwa na rangi. Odeta alimshika mikono. Ilikuwa ya moto. Alimbusu utosini, akalia, kisha akatoka nje tena.

"Hellen. Siku ile ya safari, alitapika dawa?"

Hellen aliona haya. "Nani kakwambia? Nilimbana pua kidogo, akaitapika yote kwenye kanga yangu ya kijani. Akakuita sana. Sikutaka ujisikie vibaya."

Odeta alirudi jikoni. Alichuchumaa mbele ya mtoto mpaka macho yao yakalingana.

"Mwanangu, unaikumbuka ile dawa chungu? Siku ile nilipokuacha?"

Mtoto alifikiri, kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kumvunja moyo mwenyeji.

"Hapana, mama. Dawa gani?"

Akanyoosha sahani yake. Alikuwa na njaa, hilo halikuwa na shaka. Odeta alisimama na mwiko mkononi kwa muda ambao yeye mwenyewe hakuweza kuukadiria, akisikiliza jaba nyuma ya mlango, ambalo lilikuwa kimya kabisa, maji tu.

Kisha akampakulia.