Orodha ya Mshona Nguo

Mapenzi hayanipiti mimi, hata yajifiche uvunguni. Isipokuwa yangu: marehemu mume wangu alinizungukia mwaka mzima, nikidhani anafuata maji ya kunywa.

Basi mshona nguo mmoja alichoka kuandika mteja mara mbili, hata bibi harusi mmoja akashonewa magauni mawili. Akamwomba fundi kompyuta wa mlango wa pili amfundishe Python, lugha ya kuiamuru kompyuta, atengeneze orodha yake mwenyewe, inayokataa jina lililokwishaingia. Somo likanoga, fundi naye akanoga. Kisha fundi akatangaza: Jumatatu anahamia mbali, kikazi.

Siku zikabaki tatu.

— Imegoma tena, mwalimu.

— Kosa lile lile! Ndani ya append, amri ya kuingiza jina, umeita append hiyo hiyo. Inajiita, inajiita, mpaka inaishiwa pumzi.

— Sasa nifanyeje?

— Mwite mzazi! Orodha yako imezaliwa na orodha ya kawaida. Andika super, mzazi ndiye aingize jina.

— Kumbe hata huku mtu haingii bila wazazi, — akasema, akikata uzi kwa meno.

Fundi akavuta kompyuta, akashuka chini ya ukurasa. Mshona nguo akajua yamekwisha. Kule chini programu yote ilikuwa imekamilika, super mahali pake, ila kila mstari kautangulizia alama ya reli ili usifanye kazi. Juu yake kaandika: "Imekubali, Jumanne."

— Mama wee! Jumanne ya wiki jana?

— Ndiyo.

— Siku zote hizi nakufundisha unachokijua?

— Ingekubali, ungekuja tena kufanya nini? — Akaweka mkasi chini, akamtazama usoni. — Nakupenda, na Jumatatu unaondoka. Ningekushika na nini mwenzangu, na pini?

Fundi akafunga kompyuta.

— Nami nakupenda. Lakini uongo, mpenzi, mimi siuwezi. Ningebaki, ila ile kazi nimeshaikubali, mkataba nimetia sahihi...

Simu ya fundi ikalia juu ya meza ya kukatia. Mshona nguo ana macho ya kutunga uzi gizani. Akasoma kwa sauti:

— "Fundi, ile kazi uliyoikataa mwezi jana bado ipo. Kweli huitaki?"

Cherehani yenyewe ilitega sikio.

— Ulitaka nikuzuie, wewe!

— Hiyo... hiyo meseji imekosea njia, — akasema fundi, jasho likimtiririka, na pasi hata haijawashwa.