Busu la Kasuku

Asubuhi hiyo Kasuku aliosha vyombo kimya, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Jina lenyewe alipewa kwa kupenda kusema. Mdomo ulimwasha, na pembeni palikuwa na kishada cha malengelenge yaliyojaa maji. Alijifunika kwa ncha ya mtandio. Dada yake alikuwa ametoka kujifungua, na Kasuku alijua wangeona kidonda wasingemruhusu kumshika mtoto.

"Nishikie mtoto nikaoge," dada alisema.

Kasuku akampakata. Mtoto akapiga miayo, naye akashindwa kujizuia. Akambusu shavuni.

Mara akakumbuka onyo la mwalimu wao wa sayansi: vidonda vile huambukiza, na kwa mtoto mchanga ni hatari. Akafuta shavu lile haraka. Nani ameona? Hakuna. Akinyamaza, nani atajua? Akabaki akilikodolea macho shavu la mtoto.

"Mbona umekauka hivyo?" dada aliuliza aliporudi.

Kasuku akashusha mtandio. "Dada, nimembusu. Nisamehe."

Dada hakugomba. Alimbeba mwanawe, wakatoka mbio hadi hospitali.

"Amembusu lini?" daktari aliuliza.

"Sasa hivi tu," Kasuku alijibu, machozi yakimtiririka.

Mtoto alilazwa, akapimwa, akawekwa chini ya uangalizi. Siku zile Kasuku hakula akashiba. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa, aliinuka kitini.

Hatimaye daktari akatoka akitabasamu. "Mtoto ni mzima. Mpelekeni nyumbani."

Dada akaketi pale pale sakafuni, akalia kwa furaha.

Daktari akamgeukia Kasuku. "Virusi vya malengelenge haya ya mdomo vikishaingia mwilini haviondoki. Hulala, kisha huamka ukichoka, ukiugua homa au ukichomwa na jua kali. Ukihisi mwasho, paka dawa mapema. Usitumbue malengelenge. Nawa mikono, usichangie kikombe wala taulo, na usimbusu mtu hadi upone kabisa."

"Kwa hiyo mimi ni mchafu?" Kasuku aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hata kidogo! Watu wengi sana wanavyo virusi hivi, pengine hata mimi. Kuugua si kosa, mwanangu. Kosa lilikuwa kuficha. Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Wewe ulisema kabla ya kilio."