Majani ya Mahameni

Majani yaliyohamishwa hunyauka kwanza, ndipo yashike. Haya yalipandwa Jumamosi kwenye uwanja wa mpira wa shule, pale Chinongwe, na Jumatatu saa sita mchana, jua la Oktoba likichoma, yalikuwa bado na umande. Mwalimu Mkuu Evodius aliyapapasa kwa kiganja, akafurahi. Alikuwa mtu wa Bukoba, kwao kila unachochomeka kinaota, kwa hiyo hakuona ajabu.

Majani ya zamani yalikuwa yameliwa na mchwa, watoto wakawa wanacheza juu ya changarawe na kurudi nyumbani magoti yamechunika. Mashindano ya shule za tarafa ya Ruangwa yalibakiza wiki tatu, na mwaka huo wa 1978 zamu ya kuyapokea ilikuwa yao. Evodius akatafuta ukoka mzuri, akaupata ng'ambo ya kijito, kwenye mahame ya watu waliohamishiwa kijijini wakati wa Operesheni Vijiji. Ulikuwa mfupi, laini, umeota kwa mafungu mafungu.

Saadi, mhudumu wa shule, mzaliwa wa huko huko, alimwambia kwa sauti ya chini, "Pale pana wenyewe, Mwalimu."

"Wenyewe walishahama tangu sabini na nne," alijibu Evodius. "Na wewe ukiwa mmoja wao."

Saadi akachukua jembe. Kubishana na mwalimu mkuu haikuwa kazi yake, na neno lile hakupenda kulifafanua. Toroli la shule lilikuwa limevunjika gurudumu, basi Evodius akatoa kitanda cha kamba cha bintiye Felomena, mwenye miaka minane. Wavulana wanne wakakibeba begani, wakasomba vipande vya ukoka kutoka mahameni, safari baada ya safari. Wanawake waliokuwa kisimani walipoona kitanda kinapita walitua ndoo, wakasimama kimya, wameinamisha vichwa. Evodius alidhani wanamheshimu yeye.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa ya karafuu maiti, na ilipanda kutoka majanini kila jua lilipofika utosini. Kisha wachezaji wakaanza kulalamika kwamba mpira ukiangukia upande wa kaskazini haudundi, unabaki palepale, umeshikwa. Siku ya nne, wakati wa mapumziko, Evodius alimkuta Felomena amelala kifudifudi karibu na goli, sikio chini, midomo inacheza.

"Unaongea na nani?"

"Anauliza kwa nini walihama wakamwacha," alisema mtoto.

Alimnyanyua. Mwili wake ulikuwa wa baridi kama mtungi, na jua lile linaunguza mawe.

Tangu siku hiyo Felomena hakula, alikuwa akisukuma sahani na kugeukia ukuta, na nyumba nzima ikajaa harufu ileile hata baada ya Laurencia, mama yake, kudeki mara tatu kwa siku, na kila adhuhuri kitanda cha kamba, ambacho hakuna aliyekuwa amekilalia, kililia kamba moja moja, taratibu, kama mtu anayejigeuza atafute pa kuegemeza mbavu, mpaka Laurencia akaacha kuingia chumbani humo peke yake.

"Baba Felomena," alimnong'oneza mumewe, "mtoto anakwisha. Ninaogopa."

Walimwita Bi Mwanaheri, mganga. Alifika mlangoni, akanusa, akakataa kuingia, akaketi kwenye kizingiti.

"Majani umeyaleta kwa kitu gani, mwanangu?"

"Kwa kitanda."

"Maiti anatoka nyumbani kwa kitanda, anakwenda makaburini. Wewe umewatoa makaburini kwa kitanda, umewaleta nyumbani." Alisema polepole, bila hasira. "Na wao wamekubali. Miaka minne wanangoja kuhamishwa kama wenzao. Rudisha kila kipande shimoni mwake, leo. Fanya haraka, kabla hawajazoea. Aliyezoea hatoki peke yake."

Walirudisha mchana ule ule, Evodius, Saadi na darasa la saba. Mahameni, vipande vikaingia mahali pake, na Evodius akaona kwa mara ya kwanza kwamba mafungu yale yote yalikuwa na urefu wa mtu. Saadi aliyajua kwa majina, akiyataja chini chini: babu yake, mjomba wake, shangazi yake. Vipande vikaisha. Pembeni ya shangazi likabaki shimo moja, fupi.

"Na huyu?"

"Huyu ni Bibie, mtoto wa shangazi. Surua. Alikuwa wa miaka minane, Mwalimu."

Evodius alirudi akikimbia, hakujali wanafunzi wanaomtazama. Felomena alikuwa nyuma ya jiko, amechuchumaa, anamwagilia kwa kopo kipande cha ukoka alichokipanda kivulini. Damu ilikuwa imemrudia mashavuni.

"Nilimchukua siku ile ya kwanza," alisema. "Akirudi, namsindikiza. Tumeshakubaliana."

Evodius alipiga magoti, akazamisha vidole chini ya mizizi, akavuta. Na papo hapo pumzi ya Felomena ikakatika, macho yakapanda juu, mikono ikawa ya baridi ileile ya uwanjani, na mizizi ilivyozidi kuachia udongo ndivyo midomo ya mtoto ilivyozidi kuwa ya majivu, hata baba akaachia. Mtoto akavuta pumzi. Baba akajaribu tena, na ikawa vilevile. Hakujaribu mara ya tatu.

Bi Mwanaheri alikuwa bado mlangoni.

"Vipande vimetosha mashimo yote?" aliuliza.

"Vimetosha, mama," alisema Evodius.

Bi Mwanaheri akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Magharibi, walipoketi mkekani watatu wao, Felomena alikula. Alikula ugali na kisamvu, akaomba aongezwe, akacheka na mtu aliyekuwa kando yake, na Laurencia akalia kwa furaha. Kisha, bila kuombwa, Laurencia akapakua bakuli la nne, akaliweka mkekani. Evodius akasogea kidogo, apishe.