Asumini za Kitalu Namba Saba

Kitoachumvi kilifanya kazi bila kelele. Kilikuwa bomba fupi lililochomekwa udongoni, na kutoka tumboni mwake vilienea vinyuzi vyembamba kuliko unywele. Maji ya kisima yalipomwagwa, vinyuzi vile viliidaka chumvi kwa umeme kabla mizizi haijainywa, kisha vikaitema juu, chembe kwa chembe, ndani ya kikombe cha kioo. Ulikuwa mwaka wa kumi na mbili tangu bahari iingie katika visima vya Tanga. Maji matamu yaligawiwa lita kumi kwa mtu kwa siku, na ua halikuhesabiwa kuwa mtu.

Vitalu vya majaribio vilikuwa arobaini. Katika thelathini na tisa vikombe vilijaa chumvi, lakini asumini zilibabuka majani vilevile. Kitalu namba saba peke yake kilichanua, tena kwa fujo. Kilikuwa mlangoni kwa Bi. Tatu, mtunga vikuba, vishada vya asumini vya maharusi, na mama mzazi wa Mhandisi Hidaya, aliyekibuni chombo hicho. Kwa miezi minne mama alimtumia bintiye picha tu, naye akazipeleka kwa jopo la mji. Wanajopo ni kama wanunuzi wa maembe, hutazama lililo juu ya fungu. Walisubiri ripoti ya mwisho tu waagize vitoachumvi elfu sita.

Asubuhi ile Hidaya alikwenda mwenyewe, akachutama penye kikombe. Kilikuwa kitupu. Akapima udongo, nao haukuwa na chumvi.

"Mama, mti huu unaumwagilia maji gani?"

"Si hayo hayo ya kisima, mwanangu."

"Kipimo kinakataa."

"Basi kipimo chako kina kisirani." Bi. Tatu alicheka, akajaribu kuinuka mkekani, akashindwa.

Ndipo Hidaya alipoiona miguu yake, imevimba hadi magotini. Aliibonyeza kwa kidole, kishimo kikabaki palepale. Akafunua mtungi wa kunywea, akaonja. Yalikuwa maji ya kisima.

"Lahaula! Mama, haya ndiyo unayokunywa?"

"Ulipokichomeka hicho kidude mtaa mzima ulikuja kutazama. Wiki ya tatu majani yakaanza kuungua. Nikasema, watamcheka mwanangu mlangoni pangu? Nikaupa mti maji yangu matamu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Hidaya alilia. Tuseme kweli, alimlilia mama yake, na kidogo alikililia chombo chake. Kisha akapiga simu zahanati walete gari, akafungua ripoti, akaandika penye namba saba kwamba chombo kimeshindwa.

Bi. Tatu akamshika mkono. "Usiipeleke hiyo. Mimi nimeshayanywa, Hidaya. Ukiipeleka, nitakuwa nimeyanywa ya nini?"

Mhandisi aliutoa mkono ule taratibu, akaituma ripoti.